Kuzirudisha picha zetu nyumbani: usiku wa tisa

Zip ya 47, yaani faili moja iliyofunga picha nyingi, imefika saa 10:20 alfajiri. Gigabaiti 186, picha zetu zote tangu 2015, sasa ziko kwenye diski ninayoweza kuishika mkononi. Naandika nilivyofika hapa kabla sijasahau.

Picha zilikuwa Google Photos. Ukitaka kuzitoa zote kwa mkupuo unapitia Takeout, huduma ya Google ya kuchukua data yako: unaomba, zinafungwa kwenye zip za ukubwa unaochagua, kisha unaletewa viungo vya kupakulia. Viungo hivyo vina uhai wa siku 7, na hapo ndipo hesabu yangu ilipogoma. Napakua kwa bando la usiku, saa 6 mpaka saa 12 asubuhi, na intaneti yangu ikijitahidi inashusha megabaiti 1 kwa sekunde. Ni gigabaiti 21 na ushee kwa usiku mmoja. Mzigo wote ungechukua siku 9, umeme usipokatika.

Nikakodi mashine pepe: kompyuta isiyo na kioo wala kibodi, iko kwenye kituo cha data Johannesburg, RAM gigabaiti 2, diski 250, ndani mfumo endeshi wa Ubuntu. Huko intaneti ni mto. Mashine izipakue zote ndani ya siku zile 7, mimi nizivute nyumbani taratibu. Zip nilichagua za gigabaiti 4. Zipo za 50, ila faili ikiharibika njiani afadhali nirudie 4.

Jaribio la kwanza nilibandika kiungo kwenye wget, programu ya kupakua kwa kuandika amri, kazi ikaisha kwa sekunde moja. Faili ilikuwa na kilobaiti chache. Kuifungua, nikakuta ukurasa wa kuingilia: kiungo kinataka akaunti, na mashine haijaingia popote. Kilichofanya kazi ni hiki. Kwenye kivinjari cha laptop nilianza kupakua, nikasitisha, nikafungua zana za wasanidi upande wa mtandao na kunakili ombi lile kama amri ya curl, programu nyingine ya kupakulia, vidakuzi vikiwemo. Nikaibandika kwenye mashine ndani ya tmux, programu inayoshikilia kazi ili hata nikikatika iendelee. Vidakuzi hivyo ni funguo za akaunti yako, kwa hiyo usije ukavituma kwenye kundi la WhatsApp kuomba msaada. Vyangu viliisha muda mara mbili, nikanakili upya. Zip zote nikazipima kwa unzip -t. Moja ilikuwa pungufu, nikaipakua tena.

Kuvuta nyumbani ni rsync, programu ya kunakili faili kati ya kompyuta, na --partial inayotunza kipande kilichokwishafika, basi. Usiku wa nne umeme ulikatika faili ya 19 ikiwa katikati. Uliporudi ikaendelea ilipoachia.

Kilichoniumiza kichwa ni tarehe. Picha zilizopitia WhatsApp hazibaki na tarehe ndani yake. Tarehe iko kwenye faili ndogo ya JSON inayokuja na picha, imeandikwa kama sekunde tangu 1 Januari 1970, kwa saa za UTC, saa ya kimataifa. Wakati nasubiri, nilifungua zip chache kulekule kwenye mashine na kujaribu kuzirudishia tarehe kwa exiftool, programu ya kuandika taarifa ndani ya picha. Ya kwanza kuikagua ilikuwa picha ya binti yetu, aliyonitumia mama mkwe kutoka wodini nikiwa safarini Mbeya. Mtoto amefungwa kitenge cha kijani, mkono mmoja umechomoka. Simu iliyoipiga ilishapotea, picha ni hiyo tu.

Ilisoma 3 Machi 2018, 22:52. Binti yetu kazaliwa tarehe 4, saa 7:40 usiku, na picha niliipata saa 7:52. Mashine ilikuwa kwenye saa za UTC, sisi tuko saa 3 mbele, na saa hizo 3 zimemrudisha mtoto siku moja kabla hajazaliwa. Niliweka TZ=Africa/Dar_es_Salaam mbele ya amri, ili itumie saa za kwetu, nikarudia. 4 Machi, 01:52. Nilimwamsha mke wangu kumwonyesha.

Usiku wa leo nazifungua zip zote kwenye folda moja kwanza, ndipo nirudishe tarehe, kwa sababu JSON ya picha inaweza kuwa kwenye zip tofauti na picha yenyewe. Nakala ya pili itakaa kwa mama mkwe. Mpaka diski hiyo ifike kwake, mashine ya Johannesburg siifuti.