Jinsi ninavyotofautisha rangi ya asili na ya kutengenezwa kwenye sarafu za fedha

Nikiletewa rupia ya Mjerumani yenye rangi za upinde wa mvua, uzuri wa rangi hauniambii lolote. Ninachotafuta ni kama rangi hiyo inapatana na michoro iliyoinuka, mng'ao wa chini yake na uchakavu wa sarafu. Rangi unaweza kuitengeneza mchana mmoja. Kupatanisha hivyo vitatu ni kazi nyingine kabisa.

Huku Moshi na Arusha rupia bado zinatoka kwenye makasha ya familia za zamani na kwa wauza vinyago. Ile iliyoandikwa Deutsch Ostafrika (Afrika Mashariki ya Kijerumani), ya 1904 hadi 1914, ina gramu 11.66, upana wa milimita 30, na fedha karibu asilimia 92. Kwa hiyo naanza na mizani ya sonara, maana rangi kali inaficha vizuri sarafu bandia. Iliyotumika sana itapungua uzito kidogo, ila haitazidi.

Baada ya mizani, taa. Natumia balbu moja nyeupe, mengine yote nazima, kisha naishika sarafu kwenye ukingo na kuizungusha polepole. Sarafu ambayo haikuzunguka sana mikononi bado ina mistari myembamba ya kiwandani, na mwanga huzunguka juu yake kama mikono ya saa. Rangi ya asili ni utando mwembamba sana, kwa hiyo mwanga huo unapita na kuzunguka ndani ya rangi. Ukiona rangi imekaa juu, imelala, na mwanga chini yake umekufa, basi uso uliliwa na asidi au ulisuguliwa kwanza.

Halafu lenzi ya mara 10, na hapa ndipo ninapotumia muda mwingi. Salfa iliyo hewani, kwenye karatasi, mbao na nguo za sufu huila fedha polepole na kuacha utando, na unene wa utando ndio unaoamua rangi. Unaanza manjano hafifu, unakuwa dhahabu, unageuka wekundu wa zambarau, kisha buluu, unapauka, halafu mzunguko wa pili wa manjano, waridi na kijani kabla ya kuishia kwenye weusi. Hauruki hatua. Kati ya manjano na buluu lazima pawe na ukanda wa wekundu, hata kama ni mwembamba kama unywele. Buluu ikipakana ghafla na fedha nyeupe, kama alama ya brashi, naiweka pembeni. Lakini mpangilio sahihi peke yake hauthibitishi kitu, kwa sababu dawa ya salfa ambayo masonara hutumia kuweusha fedha inafuata mpangilio uleule. Mpangilio uliovunjika unaikataa sarafu. Uliokamilika unaniruhusu tu kuendelea.

Naendelea na herufi. Rangi ya asili mara nyingi huanzia ukingoni na kuingia ndani taratibu, na pembeni mwa herufi huacha ukanda mwembamba wenye rangi tofauti, kwa kuwa pale hewa au karatasi haikugusa sawasawa. Rangi ya kumwagwa hupita juu ya herufi na uwanda (sehemu tambarare ya sarafu) bila kujali, au hukusanyika kwenye mabonde na kuacha alama za matone. Tazama pia mikwaruzo. Mkwaruzo unaong'aa mweupe katikati ya rangi ulikuja baadaye. Mikwaruzo mingi ya upande mmoja, yote imefunikwa na rangi ileile, inaonyesha sarafu ilisuguliwa kwa majivu au dawa ya meno kisha ikapakwa rangi ili kuficha. Hilo ndilo kosa la kawaida kabisa kwenye rupia za huku, na linauma, kwa sababu sarafu ingebaki na kijivu chake ingekuwa na thamani zaidi.

Shilingi za Afrika Mashariki za 1937 hadi 1946, zile zenye simba na milima, zina fedha robo tu. Kuanzia 1948 ni shaba na nikeli. Zile za fedha zilizotumika huwa kijivu, na mahali palipoisha pana umanjano. Buluu inayowaka kwenye simba aliyekwisha manyoya siiamini, maana uso uliochakaa hauna tena mng'ao wa kuibeba rangi ya namna hiyo. Heller, zile sarafu ndogo za shaba za Mjerumani, zikiwa na zambarau kali, mara nyingi zimechomwa moto.

Ikibaki shaka, asetoni. Iwe safi; dawa ya kuondolea rangi ya kucha mara nyingi ina mafuta na manukato. Naweka kwenye glasi, si plastiki, kiasi cha kuifunika sarafu, nje ya nyumba na mbali na jiko, dakika 10. Asetoni haigusi utando wa salfa, lakini inatoa vanishi, wino, moshi wa jikoni na ule utelezi wa kijani unaoachwa na plastiki laini. Asetoni ikipata rangi, umepata jibu. Nasuuza kwa asetoni nyingine, kisha maji ya betri, yaani maji yaliyosafishwa kwa mvuke (hakikisha si asidi ya betri!), na kukausha kwa kugusisha kitambaa bila kusugua.

Muuzaji naye ana la kusema. “Shikamoo mzee, hii ilikuwa inakaa wapi?” Akijibu ilifukuliwa shambani, natarajia weusi na ukoko wa kijani, si upinde wa mvua.

Kwa ununuzi wa picha za simu, naomba video sarafu ikigeuzwa chini ya taa, na karatasi nyeupe iwekwe kando yake. Karatasi ikionekana ya buluu au waridi, rangi hiyo ni ya kamera.