Kumi na sita ya mwanafunzi wangu

Wiki jana kijana wangu mmoja wa kidato cha pili aliniletea shairi la mbuzi. Shairi zima lilikuwa mshororo mmoja:

Mbuzi kala daftari, mwalimu ananingojea

Nikamwambia mizani imekosana. Akabisha papo hapo: "Lakini mwalimu, nimehesabu. Ziko 16!"

Basi tukahesabu pamoja kwa vidole, maana mizani ni silabi tu, hakuna uganga. Mbu-zi-ka-la-da-fta-ri: 7. Mwa-li-mu-a-na-ni-ngo-je-a: 9. Jumla 16, hakudanganya. Ila alitaka kutunga tarbia ya kawaida, ile ya mishororo minne kila ubeti, na humo mshororo hukatwa vipande viwili, ukwapi na utao, 8 kwa 8. Deni la ukwapi halilipwi na utao.

Akauliza nani alipanga hivyo. Ningeweza kumtajia Kaluta Amri Abedi, aliyechapisha sheria za utungaji mwaka 1954, lakini mshairi Muyaka wa Mombasa alikuwa ametunga kwa kipimo hicho zaidi ya miaka 100 kabla yake. Sikio lilitangulia kitabu. Kwa hiyo nikamwambia aimbe. Alipofika "daftari" ikabidi aivute ile "ri" mpaka ikachoka, kisha utao akaukimbiza kama anayekimbilia matatu. Akacheka mwenyewe.

Dawa ilikuwa ndogo. "Kala" tukaifanya "kalila", kwa kuwa daftari ni "li", na "ananingojea" tukaitoa "ni" moja. Ningemwacha aandike "amelila" sarufi ingefurahi, lakini ukwapi ungefika 9. Kulifupisha neno hivyo ndiyo inkisari. Kinyume chake ni mazida, kulirefusha, kama "enda" inapokuwa "enenda". Huu ndio uhuru wa mshairi ambao wanafunzi huukariri usiku wa kuamkia mtihani. Uhuru una mipaka, jamani: nimewahi kusahihisha "chakula" kilichogeuzwa "chakuli" ili kipate kina, yaani silabi ya kufanana, cha "li".

Kuna mtego mmoja wa mizani ambao hata walimu tunanaswa nao. "Mbuzi" ni mizani 2 kwa sababu m imegandana na b, lakini "mtoto" ni 3, m inasimama peke yake. Sasa chukua "mbaya". Katika "habari mbaya" ni mba-ya, 2. Katika "mtu mbaya" ni m-ba-ya, 3. Herufi zilezile! Yatamke polepole utasikia.

Kijana akaenda zake, akarudi kesho yake na ubeti mzima:

Mbuzi kalila daftari, mwalimu anangojea
Majibu yote tayari, usiku nilikeshea
Baba hataki habari, fimbo ananitolea
Mbuzi huyu ni hatari, nani atanitetea?

Hesabu mwenyewe. Vina vya kati ni "ri" mwanzo hadi mwisho, vya mwisho ni "a", naye kajiongezea utamu kwa kuzifuatanisha "-ea" zote nne. Hilo sikumfundisha.

Tamathali za usemi hazikutuchukua muda. Angesema mbuzi ni kama fisi, hiyo tashbihi. Angesema mbuzi huyu ni fisi, sitiari. Mbuzi angemcheka na kumwambia pole, tashihisi. Yeye hakutia hata moja, na mimi sikumlazimisha. Kuna walimu wanaodai tamathali tatu kila ubeti kama viungo vya pilau. Mbuzi aliyekula daftari kweli anatosha.

Tulichogombania ni mshororo wa nne. Yeye aliuita kibwagizo. Nikamwambia bado, ubeti ni mmoja tu, kwa sasa hicho ni kiishio. Kitakuwa kibwagizo kikirudi beti zote. Akanuna kidogo. Halafu darasa likamtaka aimbe, akaimba mara mbili, na mara ya pili alipofika "Mbuzi huyu ni hatari" darasa zima likaitikia "nani atanitetea!" mpaka mwalimu wa darasa la jirani akachungulia dirishani.

Kijana akanigeukia: "Mwalimu, hapo je?"

Ubeti wa pili bado ananidai muda. Anasema "ri" zimemwishia, nami nimemkataza "safari" kwa kuwa mbuzi hakwenda popote.