Intavyuu zilikuwa zinaisha baridi, hivi ndivyo nilivyotatua

Maswali yote najibu, vyeti ninavyo, halafu naambiwa "tutakupigia" na simu hailii. Nikaona shida ni kwamba natoka pale na walionihoji bado hawajui mie ni mtu gani, wala mie siwajui wao.

Kilichonisaidia ni kuuliza kitu ambacho kwa kweli nataka kukijua. Nilipoitwa na kampuni moja ya kliaringi, wale wanaotoa mizigo bandarini, huku Shimanzi, Mombasa, nikakaa kwanza nikawaza, hawa watu wanaendeleaje tangu makontena yaanze kupakiwa treni ya SGR mwaka 2018 kupelekwa Nairobi, maana mjomba wangu ni dereva wa trela na hiyo habari kwetu huongelewa kila siku. Basi bosi aliponiambia una swali, nikamuuliza hivyo hivyo, mzee, nyie hapa mlifanyaje kazi zilipohamia bandari kavu ya Embakasi, Nairobi? Akaweka kalamu chini. Akaanza kueleza wateja waliohama, vijana aliopambana asiwaachishe, nami nikamweleza ya mjomba, tukaongea mpaka yule mama wa HR akaangalia saa.

Lakini usiigize jamani, watu wanakujua mara moja. Kama mpira huufuatilii usijitie shabiki eti umeona picha ya timu ukutani. Na salamu zitoe kamili, kuanzia kwa soja wa getini, usimpite tu hivi hivi.

Kesho yake nikamtumia ujumbe mfupi wa shukrani, nikataja yale ya Embakasi. Jumatatu nikaitwa nichukue barua ya kazi.