Matembele Birmingham yanakubali, mbaazi sahau

Watu wa huku Uingereza wananiulizaga sana mbegu gani za nyumbani zinakubali, jibu langu ni lile lile, panda vile unavyokula majani, vya kungoja maua achana navyo. Kila mtu analaumu baridi tu wakati mwanga nao unatusumbua. Dar mchana hauendi mbali na masaa 12 mwaka mzima, ila Birmingham mwezi wa sita ni karibu masaa 17, na zile mbaazi zetu za asili haziweki maua mpaka mchana upungue, kwa hiyo zinarefuka tuu na majani yao, mwezi wa tisa huko ndo zinashtuka kumbe tulitakiwa kuzaa, na hapo baridi kali ishapiga hodi. Mbaazi za nazi nunua za kopo usijitese.

Matembele sasa, hapo ndo penyewe! Mbegu huhitaji, chukua kiazi kitamu cha dukani mwezi wa tatu hivi, kilaze kwenye trei ya mchanga wenye unyevu sehemu yenye joto, machipukizi yakifika urefu wa kiganja nyofoa tia kwenye glasi ya maji, siku chache tu mizizi hiyo. Nje usitoe mpaka mwisho wa mwezi wa tano, usiku mmoja wa barafu majani yanakuwa meusi kama yametoka kuchemshwa. Mi natandika nailoni nyeusi chini ardhi ipate joto, natoboa matundu, napanda. Alafu chuma ncha mara kwa mara ndo yanazidi kutawanya. Viazi vyenyewe vikija ni bonasi.

Majani ya maboga nayo hayana shida. Bamia inataka kudekezwa, loweka mbegu usiku kucha, weka ndani ya grinihausi, ukiipeleka nje itasimama pale inakuangalia. Nyanya za nje utakula, ila mvua za mwezi wa nane zikija na baka chelewa, ule ugonjwa wa kuozesha majani na shina, shina linakuwa jeusi chap na huna la kufanya, ng'oa.

Mchicha ukikosa mbegu nenda kwenye vile vishamba vya kukodi vya kaunsili, yaani halmashauri ya mji, ongea na wazee wa Kijamaika, wao wanaupanda miaka na miaka wanauita kalalu, na mbegu zao zishazoea huku.