Kikundi cha WhatsApp cha walimu kianzie kwenye daftari la mtoto

Walimu wengi wa Lubumbashi tuko katika vikundi viwili vitatu vya WhatsApp. Humo kuna salamu, habari za mishahara na matangazo. Kazi ya darasani haionekani. Si uvivu. Mtu akiuliza "Fraksio mnazifundishaje?", swali ni pana mno, kila mmoja anaona jibu litakuwa refu, anaacha.

Leteni kosa. Mwalimu wa mwaka wa sita wa msingi apige picha madaftari matatu yenye hesabu ileile, tuseme 1/2 + 1/3: la aliyepata, la aliyekosa, la aliyeanza vizuri akakwama. Jina la mtoto lifunikwe kwa karatasi kwanza. Kwenye kosa mara nyingi mtakuta 2/5: amejumlisha vya juu, kisha vya chini. Sasa mwalimu mwenzake wa mtaa wa Katuba au Ruashi ana kitu cha kushika. Atashauri ukanda wa karatasi wa sentimita 12: nusu ni 6, theluthi ni 4, jumla 10 kati ya 12, yaani 5/6. Mtoto akipima ataona pia kwamba 2/5 haifiki hata ile nusu aliyoanza nayo. Hapo kosa linajieleza lenyewe, na hiyo ina nguvu kuliko kurudia kanuni ubaoni.

Wiki hiyohiyo wengine wajaribu, kisha warudishe idadi: wangapi walipata kabla, wangapi baada, kati ya wangapi. Bila hizo namba hamtajua kama ukanda umesaidia au umependeza tu.

WhatsApp inapokea watu 1,024 katika kikundi kimoja. Kwa kazi hii 10 hadi 15 wanatosha. Mkurugenzi na inspekta wakae katika kikundi cha matangazo, kile ambacho wasimamizi peke yao huandika. Hakuna anayeonyesha udhaifu wa darasa lake mbele ya mtu anayempa alama. Na mjadala uwe kwa Kiswahili chetu hata fishi, yaani karatasi ya maandalizi ya somo, ikiwa ya Kifaransa, maana wengi hunyamaza wakiogopa kukosea sarufi.

Mega (data za intaneti) zinaisha upesi, basi kila mmoja azime upakuaji wa otomatiki wa picha, sauti, video na hati. Picha ipigwe mchana karibu na dirisha, simu ikiwa sawasawa juu ya daftari. Sauti isizidi dakika mbili, ianze kwa kutaja darasa na somo. Fishi itumwe kama PDF. Ile ya Word mara nyingi hufunguka kwenye simu majedwali yakiwa yamevurugika. Ipewe jina linaloeleweka, kama "hesabu6_fraksio_kujumlisha".

Msiwashe ujumbe unaojifuta: baada ya saa 24, siku 7 au siku 90 maelezo yanapotea. Mchagueni mtu mmoja ambaye kila Jumamosi atanakili fishi na picha nzuri kwenye kadi ya memori, kisha awapitishie kwa Bluetooth wale wasio na mega.