Baba na Viazi vya Mutuini

Baba alishasema kwenye simu kabla hata ya kukata tikiti: angekaa siku mbili tatu, awaone wajukuu, amsalimu mkwe, kisha arudi Msambweni kwenye minazi yake. Nilimwelewa. Kwetu mzee haendi kwa binti yake akajinyoosha. Ile ni nyumba ya mkwe, na kwa mkwe mtu hula kidogo, huketi wima, wala haulizi chumvi iko wapi. Mama yeye hakuwa na habari hiyo. Alifunga nazi kavu, ukwaju, ndimu, korosho, hadi mbuzi ya kukunia nazi, kwa kuwa alisikia sisi wa Nairobi tunapikia tui la pakiti.

Ilikuwa Julai 2019. Tuliwapokea jioni katika kituo cha treni cha Syokimau, baba na koti juu ya kanzu, mama amejitanda leso mbili juu ya buibui, na bado wote wawili walikuwa wakitetemeka. Baridi ya Nairobi mwezi huo haina masihara. Jua linaweza kukaa nyuma ya mawingu kutwa. Kwenye Southern Bypass baba na mume wangu waliulizana habari za safari, za mvua na za afya, halafu gari likawa kimya mpaka Dagoretti.

Hapakuwa na ugomvi baina yao. Mume wangu ni mtu wa Kinangop, Nyandarua. Alisilimu kabla hatujajuana, na siku ya nikahi baba alimpa mkono kwa moyo mkunjufu. Ila tangu siku ile mazungumzo yao hayakuwahi kuvuka salamu. Kila mmoja alimwekea mwenzake heshima nyingi mno, na heshima ikiwa nyingi hivyo hukaa katikati ya watu kama ukuta. Jambo hilo liliniuma kuliko nilivyowahi kumweleza mtu.

Tunakaa Mutuini, upande wa jiji ambao bado ni mashamba. Udongo ni mwekundu na asubuhi tunaamshwa na ng'ombe wa jirani, ambaye pia ndiye anayetupa mbolea. Shamba letu ni dogo, lakini hatununui mboga: kuna sukuma wiki, spinachi, managu, terere na dania, miparachichi nyuma ya nyumba na matunda damu kando ya ua. Hiyo ni sehemu yangu. Sehemu kubwa iliyobaki ni viazi, na viazi ni vya mume wangu, sigusi. Alipanda aina iitwayo Shangi Aprili, masika yaliposhika. Shangi huchukua kama miezi mitatu, kwa hiyo wageni walikuta majani yameshageuka manjano.

Asubuhi ya kwanza, baada ya kuswali alfajiri, nilimwona baba kupitia dirisha la jikoni akitembea kati ya matuta. Ile methali ya mgeni na jembe haikumhusu, hakusubiri siku ya tatu. Aliinama, akachukua udongo, akaufikicha, akaunusa. Udongo wa kwetu ni mchanga, unapita vidoleni ukaenda zake. Huu ulimganda kiganjani. Mume wangu alikuwa amemfuata, amesimama hatua chache nyuma yake, mikono mgongoni.

"Hivi ni nini?"

"Viazi, baba."

"Viazi hivi hivi vya karai?"

"Ndivyo."

Baba amepita miaka sabini. Viazi karai amevila tangu utotoni, bhajia vilevile, na hakuna biriani ya harusi aliyokula isiyokuwa na viazi. Amebeba magunia ya viazi kutoka soko la Kongowea. Lakini shina la kiazi hakuwahi kuliona likiwa ardhini. Pwani viazi hivi havitungi, kwa sababu usiku ukiwa wa joto mmea huishia kwenye majani tu. Maisha yake yote viazi vilikuwa kitu kinachoshushwa kutoka kwenye lori.

Alipewa jembe, akalikataa, asije akavikata. Alichuchumaa, akakunja mikono ya kanzu, akaanza kufukua kwa vidole, vile anavyochimba muhogo. Nikatoka nje nikatazame. Alifuata vijizi vyeupe, vyembamba, na mwisho wa kila kimoja akakuta kiazi: kingine cha kujaza kiganja, kingine kidogo kuliko punje ya kunde. Katikati kabisa vidole vyake vikazama kwenye kitu laini. Akakitoa. Lilikuwa ganda jeusi, limenywea, ndani hamna kitu.

"Hiki kimeoza?"

"Hicho ndicho nilichopanda, baba. Kimekwisha kwa kuwalisha hawa."

Baba alikigeuza geuza kiganjani. "Subhanallah," akasema, akakirudisha shimoni na kukifunika.

Kisha akaanza kuvipanga viazi juani, kwa mstari, kama afanyavyo kwa mbata na korosho. Jua lenyewe lilikuwa ndiyo kwanza linachungulia. Nilimwona mume wangu akifungua mdomo na kuufunga. Mkwe humsahihishi hivi hivi. Mwisho akasema, taratibu sana, "Baba, samahani. Hivi vikipigwa na jua hugeuka kijani, vikawa vichungu, na ule ukijani una sumu."

Baba hakusema neno. Alivikusanya kimoja kimoja, akavipeleka kivulini chini ya mparachichi, akarudi, akachuchumaa tena. "Haya, nifundishe, mwanangu."

Hakuwahi kumwita hivyo. Niliingia ndani maana machozi yalikuwa yananitoka, na chai niliyowapelekea baadaye iliwapoea pale pale. Walizungumza juu ya baridi ya Kinangop inayoweza kuunguza shamba zima kwa usiku mmoja. Walizungumza juu ya lumbesi, yale magunia yanayoshonewa kilemba juu mpaka yapite mbali kilo 50 za sheria, na mkulima akalipwa bei ya gunia moja. Baba alikasirika kana kwamba viazi ni vyake. "Hiyo ni dhuluma!" Naye akamweleza yanayofanywa na madalali wa nazi huko kwetu, na mume wangu akawa anauliza, tena anauliza kwa kutaka kujua.

Mama wakati huo alishateka jiko. Managu yangu, ambayo bara huungwa kwa maziwa, yeye aliyapika kwa tui alilolikuna mwenyewe, na nasema bila kigugumizi kwamba ya tui yanashinda. Viazi akavichemsha, akavichovya kwenye uji mzito wa unga na bizari, akavikaanga vikavimba, na ukwaju wa Msambweni pembeni. Baba alikula, akamaliza. Halafu akanyoosha sahani mbele ya mkwe wake, akaomba aongezewe. Mama alinitazama, nami nikamtazama.

Zile siku mbili tatu hazikutajwa tena. Alikaa mpaka matuta yote yakaisha. Kurudi, begi lake lilipangwa mstarini pale Syokimau na mengine, mbwa wa ukaguzi wakalinusa, na ndani hamkuwa na nguo nyingi. Yalikuwa ni viazi vya kuwagawia majirani.

Wiki chache baadaye baba alipiga simu. Hakunipigia mimi, alimpigia mume wangu, nami nikawa nasikiliza kando. Alikuwa ameviweka vichache, na Shangi havikawii kuchipua. Vimetoa macho, akasema, je, avipande?

"Huko havitatunga, baba. Joto."

"Basi vuli ikikaribia navirudisha huko mwenyewe. Niachieni matuta mawili."