Pasheni imenitoa jasho

Jamani, jana ndiyo mara yangu ya kwanza kutengeneza juisi nyumbani. Nilinunua pasheni kumi Buguruni, nikawasha blenda, nikaenda kupokea simu ya shangazi (mnamjua shangazi akianza kuongea). Kurudi, mbegu zote zimesagika! Juisi nyeusinyeusi, inakwaruza koo, na kauchungu kwa mbali.

Mama wa genge hapa mtaani alinicheka weee. "Mwanangu, pasheni unazungusha sekunde chache tu, nyama iachane na mbegu, kisha unachuja."

Leo nimemsikiliza. Nikaongeza embe dodo moja, tangawizi kidogo na maji ya kuchemsha yaliyopoa. Sukari sijatia hata chembe. Kwa joto hili la Dar, jagi halikufika saa kumi. Kesho zamu ya parachichi.